Mongia, Aliyefundisha Watu Kuazima

Wapo watu mjini Kef wanaosimulia, tena kwa raha, kwamba Ramadhani moja nyumba ya marehemu hakimu Chedli Bouzaiane iliishiwa hata na sinia za kuokea, ikabidi dada wa marehemu ateremke mtaa wa chini kuazima. Kuazima aliazima, hilo halikanushwi. Lakini sinia zilikuwapo nyumba ile, zimepangwa kabatini toka ndogo hadi kubwa, za shaba zilizotoka kwa bibi na za bati za kila siku. Anayetaka kuisimulia habari ya Mongia Bouzaiane, basi na aisimulie yote.

Mongia alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya wasichana, mwanamke mwembamba mwenye mgongo ulionyooka na sauti ambayo hakuhitaji kuipandisha. Hakuolewa. Sababu hakumwambia mtu, wala hakutokea aliyethubutu kumuuliza. Alikaa katika nyumba ya kaka yake, na kaka yake alipofariki alibaki humo na wifi yake Faouzia, mjane wa hakimu. Wanawake hao wawili walipendana, na hapakupita siku bila kubishana.

Miaka yote ya kufundisha kulikuwa na jambo moja lililomkera Mongia. Msichana aliketi dawati la tatu mwaka huu, mwaka ujao dawati li wazi. Ukiuliza unaambiwa, "Yuko nyumbani." Neno hilo lilifunga mazungumzo kama komeo. Wavulana walioacha shule mji mzima uliwaona, wameegemea ukuta wa posta na ukuta wa mkahawa, hata watu wakawa wanatania kwamba wakiondoka siku moja kuta zitaanguka. "Mvulana asiye na kazi ana ukuta," Mongia alizoea kusema. "Msichana hana hata huo."

Alipostaafu, Nyumba ya Vijana ilimwomba awafunze wahudumu wa vijana. Hawa walikuwa vijana wenye shahada zao, wameajiriwa wawatafute wenzao wasio shuleni wala kazini, wazungumze nao, wawasindikize mpaka mahali pa kujifunza kitu. Ofisi iliwapa vitambulisho vya kuning'iniza shingoni na karatasi za maswali. Wakaenda kubisha hodi mtaa wa chini, na kwa kila mlango wakapewa jibu moja: "Hapa hatuna mtu wa namna hiyo, alhamdulillahi."

Mongia mwenyewe alikuwa amekwisha kupewa jibu hilo zamani, alipokwenda kumuulizia mwanafunzi wake mmoja. Siku ile upepo wa mlimani ulikuwa mkali, akasimama mlangoni ameshika koti kwa mkono kwa sababu kifungo kilikuwa kimeng'oka njiani. Mama wa nyumba alikuwa ameshaanza kufunga mlango.

"Mama, una sindano?" Mongia akamuuliza.

Mlango ukafunguka wazi. Sindano haikatazwi. Akawekwa kitini, akaletewa chai, na kwa kuwa macho ya mama hayakuona tena tundu la sindano, kifungo kilishonwa na kijana wake wa kiume, kaka wa mwanafunzi yule, mtu mzima aliyekuwa amelala chumba cha ndani mchana kutwa. Akishona alizungumza. Alizungumza yale ambayo hakuna karatasi ya maswali ingeweza kuyapata, hata uzi ukamwishia naye hajamaliza. Mkono ukishughulika, ulimi husahau haya.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya mafunzo Mongia aliwaambia wanafunzi wake wavue vitambulisho na kuviweka kwenye droo.

"Leo mtakwenda kuazima," alisema. "Kila mmoja nyumba moja. Azima kitu unachokihitaji kweli. Usiulize habari ya mtu. Kesho mje mnieleze mmeazima nini."

"Lalla, sisi ndio tunaopeleka msaada," alisema kijana mmoja, Sofiene, akimwita kwa neno la heshima la wanawake wa huko, "halafu sisi ndio tuombe?"

"Ukienda kumpa mtu kitu hajakuomba, unamwambia kwamba umemwona hana. Ukimwomba, unamwambia umemwona anacho. Wewe ungependa uambiwe lipi?"

Kesho yake Sofiene alikuja na ngazi begani. Alikuwa ameona haya kuomba kitu kidogo akaomba kikubwa, na njia nzima alipita akipishwa na magari. Wenzake walimcheka mpaka wakashika mbavu. Lakini mwenye ngazi alikuwa na mjukuu asiyesoma wala kufanya kazi, na kila ngazi ilipochelewa kurudi, mjukuu alikuja kuiulizia.

Hiyo ilikuwa kanuni ya pili ya Mongia: usirudishe haraka. Kitu cha watu kikiwa kwako, mlango wao uko wazi, na wako vilevile. Kanuni ya tatu hakuona haja ya kuifundisha, maana kila mtoto wa Kef huizoea kwa mama yake. Chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Miongoni mwa wanafunzi wale alikuwamo Wided, binti wa mwuza vitambaa, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa machozi. Mwezi wa Shaabani aliazima chekeche la unga kwa Khmissa, mke wa Laroussi, aliyekuwa mfanyakazi wa reli kabla njia yao haijasimama. Wided alilileta darasani kama wengine walivyoleta vyao. Mongia akalishika, akalipeleka dirishani.

Chekeche lilikuwa limechanika zamani, likafumwa upya. Halikufumwa kwa uzi. Lilifumwa kwa waya mwembamba wa shaba, ule unaozungushwa ndani ya mota, na matundu yake yalikuwa sawasawa na ya kiwandani.

"Nani amelitengeneza hili?"

"Sikuuliza, Lalla. Ulisema tusiulize."

"Nilisema usiulize habari ya mtu. Hii ni habari ya chekeche. Nenda kaulize."

Wided akarudi kwa Khmissa kuomba radhi kwa kuchelewa, akalisifia chekeche. Khmissa akacheka, akageuka nyuma. "Ni huyu wangu. Feni ilikufa, akaifungua. Baba yake alitaka kumpiga. Kesho yake feni ikazunguka, na waya uliobaki akashonea chekeche."

Nyuma ya pazia alikuwapo Rihab, binti wa miaka kumi na tisa, aliyeacha shule mama yake alipougua na hakurudi mama alipopona. Kwa kawaida hakusema na wageni. Lakini habari ya feni ilimtoa. Mara ya pili Wided alipokuja kuomba radhi kwa kuchelewa, Rihab alikaa naye kizingitini. Mara ya tatu alimuuliza, kama anayeuliza habari ya nchi ya mbali, kama ni kweli chuo cha ufundi kinafundisha majokofu, na kama kinapokea wasichana.

Kinapokea. Mongia alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa chuo, na nafasi ikapatikana. Masomo yangeanza baada ya Idi. Palibaki neno la baba tu, naye Laroussi, Khmissa alisema, alikuwa ameanza kulainika. Alikuwa ameuliza kama kule chuoni kuna lango na mlinzi.

Hapo ndipo Wided alipoona kwamba mwezi wa Ramadhani umeingia na kila nyumba inahitaji chekeche lake kwa suji ya kuskus. Akasema atalirudisha. Na kwa kuwa chombo hakirudi kitupu, naye alikuwa kazini tangu asubuhi wala hakupika kitu, alipita dukani. Alinunua mfuko wa suji, chupa ya mafuta, makopo mawili ya nyanya na kilo ya sukari, akavipanga vizuri juu ya chekeche. Dereva wa Nyumba ya Vijana akamwonea huruma kwa mzigo, akampakia. Alasiri, saa ambayo wanawake wote wa mtaa wa chini wako vizingitini wakichambua kotimiri ya supu, gari lenye maandishi ubavuni lilisimama mbele ya mlango wa Laroussi, na Wided akashuka na suji, mafuta, nyanya na sukari.

Hakuna mtu wa mtaa ule asiyejua vitu hivyo vinapokwenda pamoja. Ndivyo vilivyomo katika kikapu cha Ramadhani, kile wanachogawiwa maskini walioandikishwa. Vinne hivyo, bila kupungua.

Khmissa alivipokea kwa sababu alishikwa na butwaa. Kabla ya adhana ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umesikia kwamba Laroussi ameanza kula kikapu.

Asubuhi iliyofuata Mongia alikuwa anafungua dirisha la darasa alipomwona Laroussi akipanda njia ya mawe, amevaa koti lake la reli lenye vifungo vya shaba, mikononi amebeba vile vitu vinne. Wavulana walioegemea ukuta wa Nyumba ya Vijana walimpisha. Akaviweka kimoja kimoja kwenye ngazi ya mlango.

"Bwana Laroussi, karibu ndani," Mongia alisema kutoka dirishani.

"Nimeshafika nilipotaka kufika, Lalla. Nani kawaambia Laroussi hana suji?"

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Gari limesema. Nimefanya kazi ya reli umri wangu wote, sijawahi kuandikishwa kwa kikapu. Jana usiku mwuza maji ananiambia, 'Hongera, Laroussi, mwaka huu wamekukumbuka.'" Alifuta mikono yake kwenye koti. "Binti yangu yuko nyumbani. Na atakaa nyumbani. Huyo msichana wenu asije tena kwangu, wala kwa chekeche wala kwa radhi."

Akashuka. Mmoja wa wavulana ukutani alijaribu kucheka, mwenzake akampiga kiwiko.

Wided alikuwa amesimama nyuma ya mlango, uso wote machozi. "Nilifuata ulivyotufundisha, Lalla. Chombo hakirudi kitupu."

"Hukukosea hapo. Ila umekijaza dukani."

"Niende nikamwombe radhi. Nitambusu kichwa."

"Ukienda, majirani watasikia mara ya pili. Fedheha haifutwi mlangoni pale pale ilipopatikana, mwanangu." Mongia alifunga dirisha. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe. Jambo hili alidhani watu huzaliwa nalo. Hakufikiri kwamba kuna vijana waliolelewa na mama wanaoshinda kazini, wanaojua kwamba chombo hakirudi kitupu ila hawajawahi kuona kinajazwa nini.

Siku nzima aliwaza. Rihab alikuwa ametoka nyuma ya pazia, na sasa amerudishwa. Mongia alijua jinsi inavyokuwa kwa msichana aliyefungua mlango mara moja ukafungwa. Hafungui tena haraka, na mwaka wa pili hajaribu kabisa. Nafasi chuoni isingengoja. Na Laroussi asingesikia hoja, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la hoja. Nyumba iliyoonekana ikipewa lazima ionekane ikitoa, na ionekane na watu wale wale walioona gari.

Jioni, baada ya kufuturu, alimwambia wifi yake.

"Wiki ya mwisho nitaazima sinia kwa Khmissa wa Laroussi."

Faouzia aliweka chini kijiko cha supu. "Sinia ngapi ziko kwenye kabati lile?"

"Nyingi."

"Basi?"

"Basi nitatengeneza ghraiba za Idi, vile vibiskuti vya samli, nyingi zaidi ya sinia zetu. Kwa wanafunzi wangu, kwa majirani, kwa msikiti. Zote zijae, kisha zipungue. Sitaki kwenda kumwambia mtu uongo."

"Kwa hiyo utaufanya ukweli kwanza, halafu ukauseme." Faouzia alimtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. "Na sinia za Laroussi zina alama yake. Mwoka mikate wa tanuri la mtaa ataiita alama hiyo mbele ya mji mzima, na aitike nani? Bouzaiane?"

"Ndiyo."

"Watu watasema tumeishiwa."

"Nataka waseme."

"Mongia, mume wangu katika maisha yake hakuazima hata kalamu."

"Kaka yangu aliazima kalamu zangu zote, tangu darasa la kwanza, na hakurudisha hata moja."

Faouzia alitaka kucheka akajizuia, maana habari haikuwa ya kuchekesha. Alikuwa mwanamke aliyesoma, na aliyeilinda heshima ya nyumba ile kwa namna inavyopasa kulindwa, bila kelele, kwa pazia safi na mlango unaofungwa kwa wakati. Alisema hataki kushiriki. Lakini siku ya kukanda, alipoona Mongia anakosea kiasi cha samli, alisukuma mikono ya nguo juu, akamsogeza pembeni kwa kiuno, akakanda yeye. Unga wa dengu ulijaza meza, ukajaza na kitanda cha wageni kilichotandikwa shuka safi. Sinia zote za kabati zilijaa, na bado ulibaki unga wa kutosha sinia tatu.

Mongia akateremka mtaa wa chini saa ile ile ya kotimiri. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho.

"Khmissa, mwanangu, nina haja nawe."

Visu vya majirani vilisimama juu ya majani. Khmissa alitokea, macho yake yako mikononi mwa mgeni kuona amebeba nini. Mikono ilikuwa mitupu.

"Haja gani, Lalla Mongia?"

"Sinia tatu za kuokea. Zangu zimejaa na unga umebaki. Usiku wa leo ukilala haujapangwa, umeharibika."

"Nyumba yenu haikosi sinia."

"Njoo uone. Mpaka kitanda cha wageni kimelala ghraiba."

Jirani mmoja akacheka kwa chini. Kutoka ndani ikaja sauti ya Laroussi, bila yeye kujitokeza. "Ofisi imekutuma?"

"Bwana Laroussi, ofisi haina tanuri, wala haijui kukanda. Nimekuja kwa miguu yangu, nimepita nyumba za watu kumi wenye sinia kuja kwako. Kama hutaki kuniazima, niambie nirudi kabla ya adhana, maana kilima chenu ni kirefu na mimi nimefunga."

Mtu aliyefunga, tena mkubwa, tena mwalimu aliyemfundisha dada yake Laroussi, amesimama mlangoni anaomba kitu kilichomo ndani. Hakuna mtu wa Kef anayelijua jibu jingine kwa hilo.

"Khmissa," sauti ikasema, "usimpe zile nyembamba. Mpe za mama."

Zilikuwa sinia nzito, kila moja ina alama ukingoni: mistari miwili sambamba kama reli, Laroussi aliichonga kwa patasi siku za kazi. Aliyezileta mlangoni alikuwa Rihab. Alizifuta vumbi kwa ukingo wa nguo yake, moja moja, kabla ya kumpa.

Kesho yake tanuri la mtaa lilikuwa kama harusi. Siku za mwisho wa Ramadhani ndivyo linavyokuwa. Wanawake wamejaa mpaka barabarani, kila mmoja na sinia zake, na mwoka mikate, mzee Tijani, anazisukuma ndani kwa koleo refu na kuzitoa akiita alama: Mwezi, Funguo, Herufi, Mkia wa samaki. Sinia haina jina jingine hapo.

Mongia alikuja na Wided wakibeba. Nyuma yao, kwa mshangao wa Mongia mwenyewe, akaja Faouzia, amejitanda hariri yake nyeupe ya kutokea, ile ya arusi na ya kutoa rambirambi. Sinia za wifi yake zilikuwa nyingi mno, alisema, na mwanamke wa nyumba ya hakimu hapandi na kushuka mara mbili kama hamali.

Wakasimama, wakangoja. Harufu ya samli iliwatesa wote, maana adhana ilikuwa mbali. Mwisho Tijani akatoa koleo, akainama kuangalia ukingo.

"Reli. Sinia za reli, mwenyewe yuko wapi?"

Vichwa viligeuka kumtafuta Khmissa. Hakuwapo.

"Ni zetu," akasema Mongia.

Zakia, mke wa mwenye duka la dawa, mwanamke mwenye ulimi usiofunga Ramadhani, akasema kwa upole wote, "Hivi ni kweli, Lalla Faouzia? Siku hizi nyumba ya hakimu inaazima sinia kwa Laroussi? Na mimi nilisikia Laroussi ndiye anayepelekewa kikapu."

Hakumwambia Mongia. Alimwambia Faouzia, kwa kuwa alijua sindano inapoingia. Mongia aliona shingo ya wifi yake ikisimama ndani ya hariri. Faouzia akitamka neno moja la kujitoa, akisema tu kwamba hayo ni mambo ya Mongia, kazi yote imekwisha, na Laroussi atachekwa mara mbili.

Faouzia alikunja hariri kwenye kiwiko taratibu.

"Kikapu gani, Zakia? Msichana wa wenyewe alikosea mlango, mwenye nyumba akarudisha kila kitu na mchana kweupe. Kijiko kimoja cha sukari hakikupungua. Mji huu una wangapi wa kurudisha?" Alinyoosha mikono, akapokea sinia ya kwanza, na kitambaa kilikuwa chembamba, lazima ilimuunguza, ila uso haukuonyesha. "Sinia tunazo, namshukuru Mungu. Lakini nyumba yetu haiazimi kwa kila mtu. Marehemu alikuwa anasema, azima kwa mtu ambaye ungependa naye aazime kwako. Ghraiba zako hizo zinaungua, dada."

Ghraiba za Zakia zilikuwa haziungui, lakini alikwenda kuziangalia. Tijani aliangua kicheko akasingizia moshi.

"Kaka yangu alisema hivyo lini?" Mongia alimnong'oneza njiani.

"Angelisema," Faouzia alijibu, "kama wewe ungemwachia nafasi ya kusema."

Habari ilifika mtaa wa chini kabla sinia hazijapoa. Wanasema yule mwuza maji aliyempa Laroussi hongera ya kikapu alimpa nyingine siku ile, na safari hii Laroussi alimnunulia kahawa baada ya kufuturu.

Mongia hakurudisha sinia. Wided alimuuliza kila siku, "Lalla, lini?" naye akajibu, "Bado zina kazi." Mwezi ukaandama. Siku ya Idi ikapita na wageni wake. Siku ya pili, asubuhi, hodi ikapigwa kwa kidole kimoja.

Alikuwa Rihab, amevaa nguo ya sikukuu, amepanda kilima peke yake. Mkononi alikuwa na sahani ya makroudh, keki ndogo za suji na tende, imefunikwa kitambaa.

"Idi njema, Lalla. Mama anakusalimu. Na baba amesema nije nichukue sinia zetu."

Mtu hakosi haki ya kufuata kitu chake. Hakuna baba anayeweza kuulizwa kwa nini amemtuma binti yake nje ya nyumba, ikiwa amemtuma kuchukua sinia za bibi yake. Mongia alimkaribisha jikoni. Alikuwa ameziweka tayari, zimesuguliwa, mbili zimejaa ghraiba za mkono wake na wa Faouzia, wala si za duka.

Rihab hakuzishika. Alikuwa amegeuza kichwa.

"Friji yenu inakoroma, Lalla."

"Inakoroma tangu marehemu yu hai," Faouzia alisema kutoka mezani. "Mafundi watatu wamesema tununue nyingine."

"Ni feni tu ya nyuma. Imekaa upande." Kisha akaona haya, akatazama miguu yake.

"Chuo kinafunguliwa Jumatatu," Mongia alisema, kama anayetaja hali ya hewa.

"Baba anajua. Amekwenda kuangalia lango. Amesema mlinzi ni mtu wa reli, wanafahamiana." Rihab alijifunga kitambaa cha kichwa upya, bila sababu. "Na ameuliza, Lalla, yule dada aliyekuwa akiazima chekeche, siku hizi hachungi unga?"

Mongia alikwenda dirishani, akarudi. "Mwambie anachunga sana. Atakuja kesho kuliazima. Kwa miguu."

Alimpa zile sinia mbili zilizojaa. Rihab akazitazama, akahesabu kwa macho. "Zilikuwa tatu."

"Ya tatu bado ina kazi."

Msichana alielewa mara moja. Kwa mara ya kwanza Mongia alimwona akicheka, na meno yake ya mbele yalikuwa yamepandana kidogo, kama ya baba yake. Jumatatu alipita mlangoni mwao akielekea chuoni, na Wided pembeni yake, hakuna mwenye kitambulisho shingoni.

Tangu hapo Mongia amefunza makundi mengi ya wahudumu, na baadhi yao sasa wanafunza wengine huko Jendouba na Siliana. Somo la kwanza ni lile lile, kuazima. Ameongeza la pili, na hulifundishia jikoni kwake, wanafunzi wamefunga aproni na unga umewafika viwikoni: chombo kinajazwa nini. Watu wa ofisi huja kutazama, huondoka wakitikisa kichwa, na mwaka unaofuata huja tena.

Sinia ya tatu haijarudi. Imetundikwa jikoni kwa hakimu, katikati ya zile za shaba, mistari yake miwili imegeukia chumba. Faouzia huisugua mwenyewe kila Ramadhani, na mgeni akiuliza ni ya nani, hujibu kwamba ni ya nyumba ya heshima ya mtaa wa chini, imewekwa kwao kwa muda.